Hema la mtu mmoja, mwaka mzima

Mdogo wangu wa Kyebando Kisalosalo, barua yako imenifurahisha. Umepata kazi ya kuhesabu ndege mwaka mzima: miezi kadhaa Murchison Falls, kisha Kidepo, kisha vilima vya chini ya Rwenzori. Mwajiri anatoa usafiri na posho, hema ni juu yako. Na tayari umeshaona moja kwenye simu, la gramu 900, rangi ya buluu, umelipenda umekufa umeoza. Ngoja kwanza. Usitume hela.

Hema jepesi kiasi hicho lilishonewa mtu wa aina nyingine. Yeye anabeba kila kitu mgongoni, analala nje wiki mbili za likizo, halafu anarudi kwake kulikausha na kuliweka kabatini mpaka mwaka mwingine. Ndiyo maana watengenezaji wamepunguza kila mahali: zipu nyembamba, fito nyembamba, kitambaa cha denia 10 au 15. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikishuka, ujue uzi ni mwembamba zaidi. Wewe utalala humo usiku baada ya usiku, na mchana ukiwa kazini hema litabaki limesimama juani. Tena mzigo wako utafika kambini kwa gari. Hizo gramu ulizoziepuka kwa bei kubwa zitakufaa nini? Tafuta la kilo moja na nusu hadi mbili na kidogo, lenye kitambaa cha denia 30 kwenda juu. Hata kwenye boda unalibeba bila shida.

Nikupe kipimo. Lile hema la familia la UNHCR, linalopelekwa kwa wakimbizi, lina uzito wa karibu kilo 55, na kiwango kinachotakiwa ni lidumu angalau mwaka mmoja. Kilo 55, mwaka mmoja. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Nyabo, hili la kilo moja ni la maisha," mwitikie kwa adabu na uendelee kukagua.

Watu wengi wakinunua hema wanauliza habari za mvua. Kwetu jua ndilo linaloanza kuua. Mionzi yake inakausha nguvu ya uzi kidogo kidogo, na huoni kitu mpaka siku unapokaza kamba na kitambaa kinachanika kama karatasi. Mimi ningechukua poliesta kwa paa la nje. Nailoni ya uzito uleule huwa ngumu zaidi kuchanika, hilo ni kweli, lakini ikilowa inalegea, ukaamka saa tisa usiku kukaza kamba, na jua linaimaliza mapema zaidi. Hata hivyo sisi tuko ikweta. Mstari wenyewe unapita Kayabwe, barabara ya Masaka, pale watu wanapopigia picha. Hakuna kitambaa chepesi cha kuachwa hapa kwenye jua la mchana mwaka mzima kisidhurike.

Dawa si ghali. Shuka mjini Kikuubo, nunua turubai la kawaida lenye matundu ya chuma pembeni na kamba za kutosha. Lifunge juu ya hema, lisigusane nalo, upepo upite katikati. Turubai ndilo lichakae, unanunua jingine, hema linabaki. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu katika haya yote, liwe hili. Mti wa kivuli nao ni mzuri, ila inua macho kwanza uone kama hauna matawi makavu.

Kuhusu maji sitakuchosha. Kwenye maelezo utaona namba za milimita. Hicho ni kimo cha maji ambayo kitambaa kinaweza kuyabeba juu yake kabla ya matone kupenya. Paa la 1,500 linatosha. Sakafu iwe 3,000 au zaidi, kwa sababu ukipiga goti kwenye udongo uliolowa unayasukuma maji yaingie. Sakafu ipande kidogo ukutani pande zote, na mishono iwe imezibwa kwa utepe kwa ndani. Basi.

Ila kuna adui mwingine anayekaa hapa hapa Kyebando, chumbani kwako. Nyumba zetu za kupanga tunazijua: chumba kimoja, mabati juu, joto la mchana, na masika unyevu hauondoki ukutani. Utarudi kutoka Murchison umechoka, hema limelowa umande wa asubuhi, utalisukuma chini ya kitanda likiwa kwenye mfuko wake. Mahema mengi ya bei ya kati yamepakwa ndani utando wa poliyurethani wa kuzuia maji, na joto likikutana na unyevu, utando huo unavunjika wenyewe. Ukilifungua baada ya wiki chache linanata vidoleni, linanuka kama matapishi, na utando unabanduka magamba. Likifika hapo hakuna fundi wa kulirudisha. Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla hujaoga, litandaze kwenye kamba ya nguo, kivulini kama kipo, likauke mpaka kwenye mishono. Kisha liweke kwenye gunia au mfuko mpana wa pamba, lisibanwe. Kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote mbili hakina ugonjwa huu, ila bei yake iko juu, na mishono yake huzibwa kwa gundi ya silikoni kwa sababu utepe haushiki. Kama posho inaruhusu, chukua hicho.

Sasa tuje kwenye fito. Hapa usibanie hela. Fito za faibaglasi zinapasuka kwa urefu, zinatoa miiba ya kukuingia mkononi, na huwa zinakatika usiku wa upepo. Za alumini zinapinda kwanza, unaziona, unazinyoosha polepole. Hakikisha ndani ya mfuko kuna kile kipande kifupi cha bomba cha kuvisha mahali palipovunjika; ukikivisha na kukizungushia utepe mgumu, unamaliza safari. Na hema liwe la kusimama lenyewe kwa fito zake bila kutegemea vigingi. Ardhi ya Kidepo wakati wa kiangazi inapinda vigingi, na tope la Rwenzori linavitema.

Zipu nayo itakusumbua kabla ya kitambaa. Mara nyingi kinachochoka ni kile kichwa kinachotembea, wala si meno. Vumbi la barabara linakitafuna. Kisafishe kwa mswaki wa zamani na maji, na kikilegea kibane kidogo kwa koleo. Kikifa kabisa, fundi wa mabegi atakubadilishia kwa hela ndogo, mradi zipu iwe ya saizi ya kawaida na meno yasiwe membamba kama ya gauni. Hii ndiyo sababu nyingine nakukataza lile la gramu 900: likiharibika, nani sokoni Kalerwe ana zipu yake?

Mchwa nao usiwasahau. Sakafu iliyokaa mahali pamoja siku nyingi juu ya majani yaliyooza wanaitoboa. Fagia mahali pako kwanza, tandika kipande cha turubai chini, kidogo kuliko sakafu ili kisikinge maji ya mvua, na kila baada ya siku chache inua hema utazame.

Na ile buluu yako. Ukifika Murchison utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kando ya barabara. Ni mitego ya mbung'o, kwa sababu mbung'o wanapenda rangi hizo. Utanunuaje hema la rangi ya mtego ukalale humo? Chukua la kijani kibichi lililofifia, au la rangi ya udongo. Lakini lisiwe la madoadoa ya kijeshi, hata likiuzwa nusu bei. Uganda raia hachezi na vitu vinavyofanana na vya jeshi. Unaweza kujikuta unajieleza mbele ya askari, na maelezo ya kuhesabu ndege hayatamchekesha.

Liwe la kuta mbili: neti ndani, paa la maji nje. Lile la ukuta mmoja ni jepesi, lakini pumzi yako inageuka maji usiku na kukudondokea asubuhi. Neti iwe na matundu madogo, maana malaria haijui kama wewe ni mtafiti. Urefu wa ndani uzidi wako kwa sentimita 40 hivi, na kimo kikuruhusu kukaa kitako, kama mita moja, kwa sababu siku za mvua utaandika ripoti humo humo. Ukibanwa, nunua la watu wawili ulale peke yako. Nusu kilo ya ziada gari litabeba. Chakula kisiingie ndani hata kidogo, na usisimamishe hema kwenye njia ya viboko karibu na mto. Usiku wanapanda kula majani, na hawapiti kando.

Wapo watu wanaouza mahema waliyokwisha kuyatumia kwa bei nafuu, na sokoni Owino nako huenda ukapata. Si vibaya, ila linuse kwanza, gusa ndani kama linanata, na lishike juu ya jua utafute vitundu.

Jipya au la mtumba, usilipe kabla ya kulisimamisha. Lisimamishe hapo hapo dukani, ingia na viatu mkononi, lala chali, nyoosha miguu, funga na kufungua zipu mara nyingi mpaka mwenye duka akukasirikie. Akikukataza kulisimamisha, mwambie webale ssebo, yaani asante bwana, toka, nenda duka la pili.