Ramadhani, Kwibuka na Siku ya Mwisho

Mwaka 2024 hapa Kigali Ramadhani ilikwisha tarehe 9 Aprili, na wiki ya maombolezo ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa tarehe 7 hadi 13. Iddi ikaangukia humo humo. Anayepanga futari na hafla hana budi kuuliza: je, vipindi hivi vinaingiliana?

Hifadhidata haihesabu siku moja moja. Huanza na kinyume: vipindi huachana pale kimoja kinapokwisha kabla kingine hakijaanza. La sivyo, vimeingiliana. Basi hulinganisha mara mbili tu. Ramadhani ilianza kabla wiki ya maombolezo haijaisha? Ndiyo. Maombolezo yalianza kabla Ramadhani haijaisha? Ndiyo. Siku za pamoja ni tarehe 7, 8 na 9. Mwaka 2025 Ramadhani ilikwisha Machi, kwa hiyo jibu la pili ni hapana.

Ugumu uko mpakani. Amri ya PostgreSQL ya kupima mwingiliano wa vipindi huiacha nje siku ya mwisho. Ukiandika futari mpaka tarehe 9, na wengine wameomba ukumbi kuanzia tarehe 9, itasema hakuna mgongano, kisha makundi mawili yakutane mlangoni magharibi. Mimi huandika mwisho kuwa tarehe 10.

Halafu kwetu usiku hutangulia mchana. Jua lilipozama tarehe 9, Shawwal ilikwisha ingia, ilhali kompyuta husubiri saa sita usiku. Kwa ratiba zetu, naona tarehe peke yake haitoshi. Tuandike na saa.