Peja: kifaa kilichoifundisha simu kulala

Kabla simu za mkononi hazijaenea, daktari wa zamu aliitwa kwa kijisanduku kilichobanwa kwenye mkanda wa suruali. Maswali haya yanahusu kijisanduku hicho, na anayeyajibu ni fundi wa mawasiliano ya redio.

Fundi, peja ni nini hasa, na nani aliivumbua?

Ni redio ndogo inayosikiliza tu. Mnara unarusha mwito wenye namba, peja zote za eneo lile zinausikia, lakini inayolia ni ile yenye namba hiyo. Mvumbuzi anayetajwa zaidi ni Al Gross, mzaliwa wa Toronto aliyekulia Cleveland, Marekani. Mwaka 1938, akiwa bado kijana, alishatengeneza redio ya mkononi ya kuongea pande mbili. Hataza ya peja aliipata mwaka 1949, na mwaka uliofuata vifaa hivyo vikaanza kutumika katika hospitali moja ya New York.

Peja za mwanzo zilitoa mlio, basi. Aliyeitwa alitafuta simu akapiga alikoagizwa. Ni kama kubipu tulivyokuja kukuzoea: mlio wenyewe ndio ujumbe. Baadaye vikaja vioo vya kuonyesha namba, kisha maneno.

Iliwezekanaje betri moja ndogo idumu wiki kadhaa, wakati simu yangu haimalizi siku?

Hapa ndipo penye uvumbuzi ninaouheshimu kuliko mwingine wote. Kinachomaliza betri ni kipokezi kukaa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kamati iliyoitishwa na Posta ya Uingereza, ambayo enzi hizo ndiyo iliyoendesha simu, iliandaa utaratibu uitwao POCSAG. Kwa utaratibu huo, peja inalala karibu muda wote.

Tuuangalie kwa karibu. Mnara ukitaka kuita, kwanza unarusha biti zisizopungua 576 za moja na sifuri zinazopokezana. Hazina ujumbe wowote. Kazi yake ni kuamsha. Kwa kasi ya biti 512 kwa sekunde zinachukua sekunde moja na kidogo. Peja nayo inazinduka kila baada ya sekunde moja hivi, inategea sikio, na isiposikia kitu inalala tena. Ikizikuta biti zile, inasubiri alama ya kuanzia. Baada ya alama zinafuata nafasi nane, namba 0 hadi 7. Sasa chukua namba ya peja uigawanye kwa 8. Kinachobaki ndicho nafasi yake. Peja namba 1,000,003 inabakiza 3, kwa hiyo inaamka kwenye nafasi ya 3 na nyingine saba inazipitisha usingizini. Mnara nao unaijua hesabu hiyo, hauiiti nje ya zamu yake.

Kila fungu la biti 32 pia limebeba biti za ukaguzi. Biti moja au mbili zikiharibika njiani, peja inaweza kuzisahihisha yenyewe. Ni lazima iweze, maana haina namna ya kuomba irudiwe. Mwaka 1993 Motorola ilileta FLEX, utaratibu wenye kasi hadi biti 6,400 kwa sekunde, ambao peja zake zinakwenda na saa ya mnara na kuamka kwa ratiba.

Mbona inashika hata chini ya majengo ambako simu inapoteza mtandao?

Simu ni lazima ijibu, na nguvu ya kujibu ni ndogo. Peja haijibu, hivyo mnara unaweza kurusha kwa nguvu kubwa, tena minara kadhaa ikirusha ujumbe ule ule kwa wakati mmoja. Biti zikienda polepole, hata mawimbi hafifu yanasomeka.

Kwa nini basi zilitoweka?

Simu ilipokuja na meseji, watu hawakuona sababu ya kubeba vitu viwili. Mwaka 1994 peja zilizokuwa zikitumika duniani zilikadiriwa kupita milioni 61. Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV, iliyokuwa ikipeleka ujumbe wa peja kwenye minara, iliharibika, na sehemu kubwa ya peja za Marekani ikanyamaza kwa mpigo. Japani ilifunga huduma yake ya mwisho ya kibiashara mwaka 2019. Lakini hazijaisha: wazimamoto wa Uholanzi bado wanaitwa kwa FLEX.

Ni salama?

Ujumbe wa POCSAG kwa kawaida hurushwa wazi. Mwenye kipokezi cha bei ndogo na kompyuta anausoma. Mwaka 2019 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba taarifa za wagonjwa zilikuwa zikirushwa hewani hivyo hivyo. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake havikupaswa kamwe kupita humo. Kuhusu peja zilizolipuka Lebanon Septemba 2024 na kuua watu, watoto wakiwemo: zilikuwa zimefichwa vilipuzi ndani. Mwito wa redio peke yake hauilipui peja.

Kuna chochote cha peja kilichobaki kwenye simu zetu?

Kipo, na unakitumia sasa hivi. Simu iliyotulia mfukoni haisikilizi mnara muda wote. Kwenye mtandao wa 4G, namba ya utambulisho iliyo kwenye laini yako inapigiwa hesabu ya baki kupata zamu yake ya kuamka, mara nyingi kila baada ya sekunde 1.28. Ni hesabu ile ile ya peja. Bila hiyo, chaji ingeisha mapema zaidi.

Mita za maji zinazosomwa kwa mbali zimeenda mbali zaidi. Kwenye NB-IoT, mtandao wa simu uliotengenezwa kwa vifaa vya aina hiyo, kifaa kinaweza kulala karibu saa tatu kati ya zamu na zamu, na lengo la waliousanifu ni betri kudumu miaka kumi. Gharama yake ni kuchelewa: amri ya mnara itangoja mpaka kifaa kiamke. Kwa mita hilo halina neno, lakini anayefunga king'ora cha mafuriko kwenye mto achague zamu za sekunde, akubali kubadilisha betri mara kwa mara.