Neno "Plateau" na Nchi ya Ufipa

Somo letu la leo ni la neno moja tu la Kiingereza, nalo ni plateau. Mtalikuta katika vitabu vya jiografia na katika ramani. Tena mtalikuta katika khabari za soko na za hospitali, mahali pasipo milima wala mabonde. Watoto wa Ufipa yafaa walijue vema kuliko wengine, kwa kuwa wamezaliwa juu ya kitu chenyewe. Ramani za Kiingereza huiandika nchi yetu Ufipa Plateau. Lakini ukimwuliza mwanafunzi maana ya neno hilo, mmoja hujibu, "Ni mlima," na wa pili hujibu, "Ni uwanda." Kila mmoja ameshika nusu ya maana na kuiacha nusu nyingine.

Kwanza tulitamke. Herufi tatu za mwisho, yaani e, a na u, zisiwatishe. Zote pamoja husomwa kama o. Basi twasema "plato," na sauti huwekewa nguvu mwanzoni, kama Waingereza wanavyofanya. Hapo Mswahili hana taabu, maana ndivyo asemavyo maneno yake mwenyewe ya silabi mbili. Neno bureau lililo juu ya mlango wa duka la kubadilishia fedha nalo huishia vivyo hivyo. Plateau zikiwa nyingi, waweza kuandika plateaus au plateaux. Zote mbili ni sahihi, na zote mbili husomwa kwa sauti ya z mwishoni.

Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Katika Kifaransa plat maana yake ni bapa, na plateau ni sinia. Hata leo Mfaransa huliita sinia la chakula kwa jina hilo. Sasa mfikirini mtu aliyechukua sinia kichwani. Sinia ni bapa, nalo liko juu. Akilitua chini, lingali bapa, lakini haliko juu tena. Akilisimamisha upande, liko juu, lakini si bapa. Mambo hayo mawili, kuwa bapa na kuwa juu, ndiyo yanayolifanya neno letu.

Haya, tuitazame nchi. Mji wa Sumbawanga uko kadiri ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukienda upande wa mashariki, ukavuka milima ya Mbizi, utafika ukingoni, na hapo nchi yakatika mbele ya miguu yako. Chini kabisa waliona bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu na mita 800 tu. Mtu ashukaye Muze siku ya baridi ya mwezi wa Juni huondoka nyumbani amejifunika nguo nzito, na kabla hajafika chini amekwisha kuivua na kuitia begani. Upande wa magharibi mambo ni yayo hayo: nchi huteremka mpaka Kasanga, penye Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kadiri ya mita 770. Na kusini, mpakani pa Zambia, Mto Kalambo ufikapo kwenye ukingo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mara moja.

Najua mwanafunzi mwenye akili atauliza, "Mwalimu, mbona kwetu kuna vilima na mabonde ya vijito? Nchi hii si bapa." Swali hilo ni zuri. Plateau si meza ya seremala. Yatosha kwamba mtu akiisha kupanda juu, aweza kutembea siku nzima, akishuka kidogo na kupanda kidogo, asirudi chini alikotoka. Wala urefu wake haupimwi kwa bahari peke yake, bali hupimwa na nchi iliyo kando yake. Makonde Plateau, kule Newala, haifiki mita 1,000, nayo yaitwa plateau sawasawa na yetu, kwa sababu nchi iliyoizunguka i chini zaidi.

Kama hamjaridhika, nendeni katika shamba la shule na jembe. Fanyeni tuta la mviringo, mfano wa yale ambayo wazee wetu hufukia majani ndani yake; huo ndio mlima. Kisha likateni kichwa kwa jembe mpaka juu pawe sawa. Sasa mnayo plateau, na mchwa akitembea juu yake atadhani yuko uwandani mpaka afike ukingoni.

Katika kufasiri kuna mtego. Sisi husema "nyanda za juu," nasi hulitumia jina hilo kwa plateau na kwa highlands pia. Waingereza huyatenga maneno hayo. Highlands ni nchi ya juu ya namna yo yote, hata ikiwa ni vilele na makorongo matupu. Basi kila plateau iliyo juu sana yaweza kuhesabiwa katika highlands, lakini milima ya Uluguru haiwezi kuitwa plateau. Tena mwangalie kiungo: sisi husema "katika," lakini Mwingereza husema on, yaani juu ya. Andikeni: We live on the Ufipa Plateau. Msiandike in.

Sasa nafika penye jambo ambalo nataka mlishike kuliko yote. Siku hizi Waingereza hulitumia neno hili kwa kitu cho chote kilichopanda, kisha kikaacha kupanda, kikakaa pale pale juu. Hata hulifanya kitenzi: Prices have plateaued. Msomaji wa haraka husema, "Bei imekuwa nzuri." Sivyo. Bei haipandi tena, lakini haijashuka. Mkulima atanunua mbolea kwa bei ile ile iliyomwumiza.

Vivyo hivyo mganga akiandika, The fever has reached a plateau, mgonjwa hajapona. Homa ingali juu, ila haizidi. Ukimfasiria mama yake kwamba homa imetulia, huenda akamchukua mwanawe nyumbani kabla ya wakati.

Na katika kadi ya kliniki, ambamo uzito wa mtoto huandikwa kwa nukta, mstari hutakiwa kupanda mwezi kwa mwezi. Muuguzi akisema, Her weight has plateaued, mstari umelala. Mtoto hakupungua, lakini hakukua, na kwa mtoto mchanga hilo ni jambo la kuulizwa mara moja: anakula nini, ameugua nini?

Mazoezi. Fasirini kwa Kiswahili, bila kutumia neno "tulia": The price of maize rose until January and then plateaued. Kisha mweleze kwa Kiingereza, kwa sentensi tatu, safari ya kutoka Sumbawanga mpaka Kasanga, mkitumia maneno plateau, edge na lake. Mwisho, mwulize nyumbani kama iko kadi ya mdogo wenu, mwitazame mstari wake, mkaandike kama wapanda, washuka, au umelala.