Akiba ya Kikundi Ndani ya Kompyuta

Vikundi vikiweka vitabu vya akiba pamoja, kompyuta hupewa diski kadhaa za kuzunguka. Ni bei nafuu na hubeba mengi, lakini kichwa cha kusoma lazima kitembee kutafuta, kwa hiyo ni za polepole. Fundi wa Luthuli Avenue atawaambia muweke SSD mbele yake. Shauri si baya. SSD haina kinachozunguka. Hushika nakala ya vile vinavyoombwa kila mara, kama kopo la unga jikoni na gunia liko stoo.

Lakini muulizeni: maandishi mapya yanakaa wapi? Kuna mtindo wa kuandika papo hapo hadi diski za nyuma. Kuna mwingine wa kuyaacha kwanza kwenye SSD, yapelekwe baadaye. Huu ni kama mhazini anayetia michango mfukoni, ati atafika benki kesho. SSD ikifa kabla, michango ya Kangemi na Kawangware ya siku hiyo haijulikani tena, na hata vitabu vya zamani vyaweza kuvurugika.

Sisi tunasema chagueni ule wa kwanza, hata kama kuandika hakutaongeza mwendo. Na nakala nyingine ikae mbali na mashine hiyo, kwa katibu au parokiani.