ELIMU YA AFYA: MIONZI YA LEZA NA KINGA YA MENO

Ni kawaida ya watu wengi kumwendea daktari wa meno pale tu maumivu yanapozidi, wakati ambapo huenda jino halina tena dawa ila kung'olewa. Ili kinga itangulie tiba, ni vyema kila mwananchi akafahamu namna jino linavyooza.

Jino limefunikwa na tabaka gumu liitwalo enameli, ambalo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfati. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ikizidi, madini huyeyuka. Mate huyarejesha madini hayo kidogo kidogo. Lakini mwenye kula vitu vitamu kila mara huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, kwa kutumia fuwele ya yakuti. Katika muongo huo huo, Ralph Stern na Reidar Sognnaes walibaini kuwa enameli iliyomulikwa kwa leza hustahimili tindikali zaidi. Sababu yake ni kwamba enameli ina kaboneti, ambayo huirahisishia kuyeyuka. Joto la leza huipunguza kaboneti hiyo, na madini yanayobaki huwa magumu kuyeyuka.

Hata hivyo, joto likipenya hadi kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, huweza kukiua. Kwa hivyo watafiti waligeukia leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo nguvu zake huishia juu ya enameli, tena kwa mapigo mafupi mno.

Ifahamike kuwa mionzi hiyo hailirudishi jino lililokwisha kutoboka, wala haiondoi haja ya mswaki. Aidha, vifaa vyake ni vya gharama kubwa. Floraidi iliyomo katika dawa ya meno nayo huiimarisha enameli dhidi ya tindikali, kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo, wazazi na walezi wanahimizwa kusimamia watoto wao wapige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala, wapunguze vitu vitamu, na wapelekwe kuchunguzwa meno kabla ya kuumwa.