Watunza Hati za Ardhi Katika Miji Midogo ya Marekani

Wasomaji wetu wengi ni wakulima, nao wajua kwamba ugomvi wa shamba huweza kudumu kuliko maisha ya wale waliouanzisha. Leo twapenda kuwaeleza habari ya kazi iliyozuka katika miji midogo ya Marekani kwa sababu ya ugomvi wa namna hiyo, yaani kazi ya kampuni za hati za ardhi. Kampuni hizi hazinunui ardhi wala haziuzi. Biashara yao ni kuchungua hati za zamani na kumwambia mnunuzi kama muuzaji ndiye mwenye mali kweli.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi ardhi ilivyogawanywa huko. Kwa sheria ya mwaka 1785 wapimaji walianza kuikata nchi ya magharibi, iliyokuwa imechukuliwa kwa wenyeji wake kwa mikataba na kwa vita, katika miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba uligawanywa vipande 36, na kila kipande ni ekari 640. Mwaka 1862 ikatoka sheria nyingine ya kumpa mtu ekari 160 akikaa juu yake na kuzilima miaka mitano. Hati ya kwanza ilitoka Serikalini; shida ilianza baadaye, shamba lilipotoka mkono hata mkono.

Katika jumba la Serikali la kila wilaya, kama vile boma kwetu, huwako karani wa kuandikisha hati. Akiletewa hati ya mauzo au ya rehani huinakili kitabuni na kuitia tarehe. Lakini hasemi kama hati ile ni ya haki. Kazi yake ni kupokea tu. Tena orodha ya vitabu vyake kwa desturi ilifuata majina ya wauzaji na wanunuzi, si mashamba yenyewe. Mtu akitaka kujua habari za shamba moja ilimlazimu kumtafuta mwenye shamba wa sasa, kisha aliyemwuzia, kisha aliyemwuzia huyo, kitabu baada ya kitabu, mpaka afike kwenye hati ya Serikali.

Tuseme mkulima alikufa akaacha mjane na watoto wanne. Watoto watatu wakatia sahihi kuuza shamba. Wa nne alikuwa amehamia mbali, asiulizwe. Mnunuzi akajenga nyumba, akapanda miti, naye akamwuzia mwingine. Baada ya miaka ishirini yule wa nne, au mtoto wake, anarudi kudai fungu lake. Mwenye shamba wa sasa hakumdhulumu mtu, na fedha zake alilipa zote, hata hivyo aweza kushitakiwa. Kadhalika rehani isiyolipwa, au kodi iliyosahauliwa, hufuatana na shamba wala haifuatani na yule aliyeikopa.

Basi wakatokea watu wenye subira waliofungua ofisi karibu na jumba lile. Walitengeneza vitabu vyao wenyewe kwa kufuata vipande vya ardhi, kila kipande na ukurasa wake. Katika mji wa Chicago Bwana Edward Rucker aliianza kazi ya namna hii mwaka 1847. Makarani walikwenda kunakili kila hati mpya iliyoandikishwa, bila kuruka hata moja, maana hati moja ikikosekana kitabu chote hakiaminiki. Mnunuzi akija alitengenezewa muhtasari wa hati zote za shamba tangu mwanzo, na wakili wake akausoma. Twaona kwamba kazi hii haikuhitaji mtaji mkubwa bali uaminifu na macho mazuri.

Faida yake ilidhihirika Oktoba 1871, moto ulipoiteketeza Chicago. Jumba la Serikali liliungua pamoja na vitabu vyote vya ardhi, na maelfu ya watu hawakuwa na ushahidi wa mali yao. Lakini kampuni tatu zilikuwa zimeokoa sehemu ya vitabu vyao. Bwana John Shortall alilitwaa gari la farasi njiani akavipakia vitabu vyake huku moto ukikaribia. Kampuni hizo zikaunganisha walivyokuwa navyo, na kwa sheria ya mwaka 1872 mihtasari yao ikakubaliwa kuwa ushahidi mahakamani.

Hata hivyo muhtasari si ahadi. Katika Pennsylvania mtu aitwaye Watson alinunua ardhi kwa kumtegemea mtengeneza hati aitwaye Muirhead, aliyekwisha shauriwa na wakili kwamba madeni fulani hayaishiki ardhi ile. Shauri lile lilikuwa la makosa, Watson akapata hasara. Mwaka 1868 mahakama ikaamua kwamba Muirhead hana lawama, kwani alifuata neno la wakili. Mnunuzi asilipwe kitu. Watu wengi waliona uchungu, na mwaka 1876 ikaanzishwa Philadelphia kampuni ya kwanza ya bima ya hati za ardhi. Mnunuzi hulipa ada mara moja tu, na ikionekana baadaye kwamba hati ina ila iliyofichika, kampuni humtetea au kumlipa.

Bima hiyo ilienea, na ofisi nyingi za miji midogo zikawa mawakala wa kampuni kubwa, au zikanunuliwa nazo. Kwetu njia ilikuwa nyingine: sheria ya Kenya ya mwaka 1919 ilifuata mfano wa Australia ya Kusini wa mwaka 1858, ambapo Serikali yenyewe huthibitisha ni nani mwenye ardhi.

Jimbo la Iowa peke yake lilikataa. Mwaka 1947 lilipiga marufuku kampuni kuuza bima ya hati za ardhi humo, na mwaka 1985 likaanzisha dhamana yake chini ya Serikali ya jimbo. Kwa hiyo katika wilaya zake 99 watengenezaji wa mihtasari hawakupoteza kazi. Shamba likiuzwa, muhtasari wake wa zamani huletwa ofisini, mambo mapya huongezwa mwishoni, kisha wakili huusoma kabla fedha hazijatolewa.