Somo la Mnunuzi wa Gari: Magurudumu ya Mbele au Fowili?

Baada ya shamba na nyumba, gari ni miongoni mwa vitu ghali zaidi ambavyo familia nyingi hununua. Wengine huchukua mkopo wa sacco, wengine huuza mifugo, na wengine huweka akiba kwa miaka mingi. Kosa katika ununuzi huo halirekebishwi kwa urahisi. Hapa Taita Taveta, mnunuzi karibu kila mara hukutana na swali hili: achukue gari linalovutwa na magurudumu ya mbele pekee, au lile ambalo injini hupeleka nguvu kwa magurudumu yote manne, ambalo madereva na mafundi huliita fowili?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya sura ya kaunti yenyewe. Safari moja inaweza kuanza Voi, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwenye lami, na kumalizikia katika vilima vya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Njia nyingi zinazochepuka kutoka lami kwenda mashambani ni za udongo, nyembamba na zenye kona kali. Upande wa Kasigau kuna changarawe, mchanga na mito ya msimu. Katika tambarare za Taveta, udongo mweusi hugeuka tope zito mvua inaponyesha. Mwezi wa Februari karibu gari lolote hupita kote huko. Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikikolea, mambo hubadilika.

Nguvu ya injini inakwenda wapi

Magari mengi madogo yanayouzwa nchini, kama Toyota Vitz, Honda Fit na Mazda Demio, hupeleka nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele. Injini na giaboksi zimekaa mbele, hakuna propela ya kupeleka nguvu nyuma, na kwa hivyo gari huwa jepesi, hutumia mafuta kidogo na vipuri vyake ni vichache. Uzito wa injini hukandamiza magurudumu yaleyale yanayovuta, jambo linaloyasaidia kushika barabara. Kwa sababu hiyo gari la aina hii hufanya vizuri kwenye lami, hata yenye maji, na kwenye njia ya changarawe iliyo tambarare.

Tatizo hujitokeza mlimani. Gari linapopanda, uzito hurudi nyuma, na magurudumu ya mbele hubaki mepesi. Likiwa limebeba magunia au abiria nyuma, hali huwa mbaya zaidi. Udongo ukiwa na unyevu, magurudumu ya mbele huanza kuzunguka mahali pamoja, na dereva akizidi kukanyaga mafuta, tairi huchimba shimo. Gari la fowili hugawa kazi hiyo kwa magurudumu manne. Ya mbele yakiteleza, ya nyuma, ambayo sasa yamebeba uzito, huendelea kusukuma.

Aina tatu za fowili

Wanunuzi wengi hudhani fowili ni kitu kimoja, ilhali ziko aina tatu kuu, na kila moja ina matumizi yake.

Ya kwanza ni ile inayopeleka nguvu kwa magurudumu yote wakati wote. Subaru nyingi, kwa mfano Forester, ziko hivyo. Dereva habonyezi chochote.

Ya pili hutegemea magurudumu ya mbele siku nyingi, kisha huita ya nyuma kusaidia ya mbele yanapoanza kuteleza. Toyota Fielder, Probox za fowili na Nissan X-Trail nyingi ziko katika kundi hili. Hufaa kwa mlima wenye utelezi wa wastani, lakini zikilazimishwa kuhangaika kwa muda mrefu kwenye tope zito, kifaa kinachounganisha magurudumu ya nyuma hupata joto kupita kiasi.

Ya tatu ni ile ambayo dereva huweka mwenyewe kwa gia au swichi, na mara nyingi huwa na gia nzito ya kupandia polepole. Pikapu nyingi na Suzuki Jimny ni za aina hii. Ndizo zenye uwezo mkubwa kwenye njia mbovu. Hata hivyo, hazipaswi kuendeshwa zikiwa zimewekwa fowili kwenye lami kavu, kwa sababu shafti za mbele na za nyuma hukazana na vyuma huumia.

Kile ambacho fowili haifanyi

Wengi huamini kwamba gari la fowili halitelezi. Imani hiyo imewaponza madereva. Fowili husaidia gari kuondoka na kupanda. Haisaidii kusimama. Katika kila gari, la mvuto wa mbele au la fowili, breki hukamata magurudumu yote manne, na kinachoamua kama gari litasimama ni tairi na barabara. Dereva wa fowili anayeteremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate wakati wa mvua ana haja ya kupunguza mwendo sawasawa na mwenye Vitz. Pengine anahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa gari lake ni zito na huenda lilipanda bila kumwonyesha jinsi barabara ilivyo na utelezi. Kwenye mteremko mrefu, wote wawili wanapaswa kushuka kwa gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisichemke. Magari ya otomatiki nayo huwa na nafasi hiyo, aghalabu yenye alama ya 2, L, S au B.

Jambo la pili ni mafuriko. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulisukuma gari dogo, na yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kulibeba hata gari kubwa. Gari likianza kuelea, tairi haziligusi tena ardhi, na haijalishi ni magurudumu mangapi yanazunguka. Mto wa msimu uliofurika hauvukwi kwa gari la aina yoyote. Dereva husubiri maji yapungue, au hurudi.

Tairi na urefu kutoka chini

Kabla ya kulipia fowili, mnunuzi na apime mambo mawili ambayo mara nyingi ndiyo yanayokwamisha magari.

La kwanza ni tairi. Gari la mvuto wa mbele lenye tairi mpya zenye meno mazuri hupita mahali ambapo fowili yenye tairi zilizolika hukwama. Magurudumu manne yasiyoshika ardhi huteleza yote manne.

La pili ni urefu wa tumbo la gari kutoka chini. Toyota Fielder nyingi huwa na karibu sentimita 15 hadi 16, na zile za fowili hazijainuka sana kuliko zile za kawaida. Subaru Forester huwa na karibu sentimita 22. Katika njia iliyochimbwa na malori hadi katikati ikabaki tuta, gari la chini hukalia tumbo lake, nayo magurudumu hubaki yakizunguka. Mkazi ambaye shida yake kuu ni mawe na mitaro huenda anahitaji gari lililoinuka zaidi kuliko anavyohitaji fowili.

Gharama zinazofuata baada ya kununua

Bei ya kununua ni mwanzo tu. Gari la fowili lina propela, difu ya nyuma na shafti za ziada. Katika magari madogo vitu hivyo huongeza kati ya kilo 50 na 100 hivi, na uzito huo hubebwa kila siku, mvua na kiangazi.

Hesabu ya mfano inaonyesha maana yake. Gari moja linakwenda kilomita 15 kwa lita, na ndugu yake wa fowili kilomita 13.5. Kwa mwendo wa kilomita 12,000 kwa mwaka, la kwanza litatumia lita 800 na la pili karibu lita 889. Bei ikiwa shilingi 180 kwa lita, tofauti ni takriban shilingi 16,000 kila mwaka. Mnunuzi anaweza kurudia hesabu hiyo kwa kutumia bei ambayo EPRA hutangaza kila mwezi.

Kisha kuna tairi. Katika gari la mvuto wa mbele, mwenye gari anaweza kununua tairi mbili leo na mbili baadaye. Magari mengi ya fowili yanataka tairi nne zenye ukubwa mmoja na zilizolika kwa kiasi kinachokaribiana. Zikitofautiana sana, huzunguka kwa kasi tofauti, na difu au kifaa cha kuunganisha hufanya kazi bila kupumzika hadi kinaharibika. Mafuta ya difu nayo hubadilishwa kwa ratiba. Gari likiharibika njiani, fowili nyingi hazifai kuvutwa magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakizunguka barabarani. Hupakiwa zima juu ya lori, na hiyo ni gharama nyingine.

Mifano mitatu

Chukua mfanyakazi anayeishi Voi na kufanya kazi Mwatate. Njia yake ni ya lami kila siku, na kijijini mlimani hupanda mara moja kwa mwezi. Huyu hana sababu ya kubeba mzigo wa fowili mwaka mzima kwa ajili ya safari 12. Gari la mvuto wa mbele lenye tairi nzuri linamtosha, na siku ya mvua kubwa anaweza kuliacha kando ya lami na kupanda bodaboda.

Wa pili ni mkulima wa mboga ambaye shamba lake liko kilomita nne kutoka lami, kwenye mwinuko wa udongo mwekundu. Hupeleka mazao sokoni mara mbili kwa wiki, na Aprili na Novemba ndiyo miezi ambayo njia huharibika. Kabichi zikikaa siku tatu ndani ya gari lililokwama, hasara yake inaweza kupita tofauti ya mafuta ya mwaka mzima. Fowili kwake ni chombo cha kazi.

Wa tatu ni familia yenye mgonjwa anayehitaji kufika hospitali kwa siku maalumu, au yenye mama anayekaribia kujifungua. Barabara yao inaweza kuwa nzuri siku 340 za mwaka, lakini siku 25 zilizobaki haziwezi kupuuzwa. Hapa hesabu ya mafuta huja nyuma.

Mifano hii yote inafuata kanuni moja. Mnunuzi asianze na sifa za gari. Aanze na njia mbaya zaidi ambayo hana budi kuipita, aulize anaipita mara ngapi kwa mwaka, na atapoteza nini siku asipofika. Gharama ya kukwama ikizidi gharama ya kutunza fowili, anunue fowili. Isipozidi, fedha hizo zitamfaa zaidi kwa tairi bora, bima na huduma ya gari kwa wakati.

Namna ya kukagua fowili iliyotumika

Anayeamua kununua fowili ahakikishe kwamba anachouziwa ni fowili kweli na inafanya kazi.

1. Asiamini maandishi yaliyobandikwa nyuma ya gari. Namba ya chesisi husema zaidi. Kwa mfano, Toyota Fielder ya NZE141 ni ya mvuto wa mbele, na NZE144 ni fowili. Probox ya NCP51 ni ya mvuto wa mbele, na NCP55 ni fowili.

2. Fundi aingie chini ya gari atazame kama propela na difu ya nyuma zipo. Kuna magari ambayo propela iliondolewa baada ya mfumo kuharibika, kisha yakauzwa kwa jina la fowili.

3. Achunguze kama difu ya nyuma inavuja mafuta, na kama tairi nne zina ukubwa mmoja na zimelika sawasawa.

4. Gari liendeshwe polepole kwenye uwanja mgumu huku usukani umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Likisitasita, likiruka au likitoa mlio wa kukazana, mfumo una hitilafu.

5. Gari lijaribiwe pia kwenye barabara kuu. Mlio unaoongezeka nyuma kadiri mwendo unavyopanda unaweza kuashiria difu iliyochoka.

6. Kabla ya kulipa, rekodi ya gari itafutwe NTSA kupitia eCitizen, ili jina la muuzaji lilingane na la mwenye gari na ijulikane kama kuna mkopo unaolishikilia. Kwa gari linaloagizwa kutoka nje, sheria inataka liwe la usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Fundi anayefanya ukaguzi awe amechaguliwa na mnunuzi, si na muuzaji. Ikiwezekana, mnunuzi aombe kulijaribu gari kwenye mwinuko unaofanana na wa kwao. Nusu saa ya majaribio hayo itamwonyesha mengi ambayo hawezi kuyaona gari likiwa limeegeshwa mbele ya duka la muuzaji.